Lahaja za Kiholanzi hugawanywaje? Maswali yanayoulizwa mara kwa mara

Maswali haya huulizwa na wanafunzi wa isimu, na Waswahili wanaoishi Gent, Antwerpen au Rotterdam ambao wamemaliza kozi ya lugha na bado hawamwelewi jirani. Wengine ni wale waliokutana na ramani yenye rangi nyingi mtandaoni wakataka kujua nani aliichora na kwa kigezo gani. Kuna jambo moja la kushika tangu mwanzo: kila ramani ya lahaja ni jibu la swali fulani. Swali likibadilika, mipaka nayo inahama. Ndiyo maana utakuta wataalamu wawili waaminifu wana ramani mbili zisizolingana, na hakuna aliyekosea.

Kiholanzi kina lahaja ngapi?

Idadi moja inayokubalika na wote haipo. Ramani ya mtaalamu wa lahaja Jo Daan ya mwaka 1969, ambayo hunakiliwa kuliko zote, ina maeneo 28. Vitabu vya shule huyakusanya hayo katika makundi sita au saba. Mzee wa Flandria ya Magharibi naye atakuapia kwamba kijiji chake na kile cha ng'ambo ya mfereji havisemi sawa, na ukitega sikio utaona anasema kweli.

Sababu ni kwamba lahaja hizi ni mwendelezo. Toka De Panne, pwani ya Ubelgiji karibu na mpaka wa Ufaransa, uende kijiji hadi kijiji kuelekea kaskazini-mashariki mpaka Groningen. Kila kijiji kinaelewana na kinachofuata. Lakini mtu wa De Panne na mtu wa Groningen, kila mmoja akishikilia lahaja yake, hawatafika mbali katika mazungumzo. Ubishi wote ni juu ya mahali pa kukata.

Kiholanzi na Kiflandria si lugha mbili?

Lugha sanifu ni moja. Uholanzi na Flandria, yaani sehemu ya Ubelgiji inayosema Kiholanzi, zinaisimamia pamoja kupitia Nederlandse Taalunie, chombo kilichoundwa mwaka 1980, na Suriname ilijiunga kama mshirika mwaka 2004. Matamshi na msamiati hutofautiana, lakini tahajia na sarufi ya vitabuni ni ileile.

Kinachochanganya ni kwamba watu wa kawaida huita Kiflandria kila Kiholanzi kinachosemwa Ubelgiji. Kwa wataalamu wa lahaja, Kiflandria ni cha mikoa miwili tu ya magharibi, Flandria ya Magharibi na Flandria ya Mashariki, pamoja na maeneo machache jirani. Mtu wa Antwerpen yuko Flandria kisiasa, ila lahaja yake ni ya Kibrabanti, na ndugu zake wa karibu kilugha wengine wako Breda na Tilburg, ndani ya Uholanzi. Mpaka wa nchi hizi mbili unakata makundi ya lahaja katikati.

Basi makundi makuu ni yapi?

Nianzie kusini-magharibi, kando ya bahari. Kiflandria cha Magharibi ni cha Brugge, Oostende, Ieper na Kortrijk, na wazee wachache bado wanakisema upande wa Ufaransa, nyuma ya mji wa Dunkirk. Hiki kimehifadhi sauti za kale ambazo Kiholanzi sanifu kiliziacha: nyumba, ambayo kwa usanifu ni *huis*, huku ni *uus*, bila h na kwa irabu ndefu isiyopinda. Sauti ya g inayokwaruza koo hugeuka h laini, na ile h ya asili hudondoka kabisa. Kizelandi, cha visiwa vya Walcheren, Zuid-Beveland na Schouwen-Duiveland, kina tabia hizohizo nyingi kiasi kwamba wataalamu kadhaa hukiweka kapu moja na Kiflandria cha Magharibi. Mimi niko upande wao.

Kiflandria cha Mashariki ni daraja la kuingilia Brabant. Mji wa Gent wenyewe ni kisiwa ndani yake: r yao hutoka kooni, ilhali vijiji vinavyouzunguka huitamka kwa ncha ya ulimi.

Kibrabanti kinaenea Antwerpen, Mechelen, Leuven na Brussels (pale ambapo Kifaransa hakijakimeza), kisha kinavuka mpaka hadi Den Bosch, Eindhoven na Tilburg. Alama zake ni *gij* na *ge* kwa nafsi ya pili mahali pa *jij* ya kaskazini, na udogo wa kitu kwa *-ke* mahali pa *-je*. Mashariki yake kuna Kilimburgi, cha Hasselt, Maastricht, Roermond na Venlo, ambacho nitakirudia kwa sababu ya toni.

Kaskazini ya mito mikubwa, Rhine, Waal na Maas, mambo hubadilika. Kiholandi, yaani lahaja ya eneo la Holland magharibi mwa Uholanzi (si Kiholanzi kizima), ni cha Amsterdam, Haarlem, Leiden na Rotterdam na kiko karibu sana na lugha sanifu, na lahaja za Utrecht hazitofautiani nacho kwa mengi. Kaskazini-mashariki ni himaya ya Kisaksoni cha Chini: Groningen, Drenthe, Twente, Salland, Achterhoek na sehemu ya Veluwe. Kule 'zee' ni *old* na 'baridi' ni *kold*, wakati Kiholanzi sanifu husema *oud* na *koud*. Kitenzi nacho hujitambulisha. 'Ametembea' kwa usanifu ni *gelopen*, sehemu nyingi za Achterhoek na Salland huacha mabaki ya kiambishi wakasema *elopen* au *elöpen*, na Groningen hawana kiambishi kabisa, ni *lopen* tu.

Na Kifrisia? Si lahaja ya Kiholanzi?

Hapana. Ni lugha nyingine yenye historia yake, iliyo karibu zaidi na Kiingereza katika ukoo wa lugha za Kijerumaniki, na ni lugha rasmi katika mkoa wa Friesland. Huonekana kwenye ramani za lahaja kwa sababu iko ndani ya eneo lililopimwa. Kinachoweza kukupoteza ni lahaja za miji ya Friesland kama Leeuwarden: msamiati na matamshi yake mengi yamefuata Kiholandi, huku sarufi ikibeba alama za Kifrisia. Ukichora ramani kwa sauti, miji hiyo hujitenga na mashamba yanayoizunguka.

Mipaka ya lahaja huchorwaje?

Njia ya zamani zaidi ni kuchagua sifa moja, kuiuliza kila mahali, kisha kupiga mstari kati ya wanaosema hivi na wanaosema vile. Wanaisimu huuita mstari huo isoglosi. Mistari miwili ina sifa kubwa katika eneo hili, na yote imepewa majina ya miji ya Ujerumani kando ya mto Rhine. Mstari wa Uerdingen hutenga wanaosema *ik* kwa 'mimi' na wanaosema *ich*. Mstari wa Benrath hutenga *maken* na *machen*, 'kutengeneza'. Mabadiliko hayo ya konsonanti yalianzia kusini mwa nchi za Kijerumani na yakazidi kudhoofika yalipopanda kaskazini, kila neno likikomea mahali pake.

Mstari wa Uerdingen unaingia Limburg, na wengi huutumia kama mpaka wa magharibi wa Kilimburgi. Sasa tazama Venlo. Wenyeji husema *ik* kama Waholanzi, lakini 'mimi' inapokuwa mtendwa husema *mich* kama majirani wa kusini. Ukikata kwa *ik*, Venlo si Limburg. Ukikata kwa *mich*, ni Limburg. Wenyeji wenyewe hawana shaka kwamba ni Walimburgi, na sioni kwa nini konsonanti moja iwapokonye hilo.

Kwa nini mistari hiyo hailingani?

Kwa sababu maneno husafiri moja moja. Utafiti ulioonyesha hili kwa uwazi kuliko wote ni wa mwanaisimu Mholanzi G. G. Kloeke, uliochapishwa mwaka 1927, na nautaja kila ninapopata nafasi.

Kloeke alichukua maneno mawili ya kawaida, 'nyumba' na 'panya'. Zamani yote yalikuwa na irabu ndefu u, kama yetu ya Kiswahili. Waholanzi huiandika *oe*. Mashariki bado husema hivyo: *hoes* na *moes*. Sehemu pana ya katikati, na pia Zeeland na Flandria ya Magharibi, irabu imesogezwa mbele ya kinywa na midomo ikabaki duara: *huus* na *muus*. Katika Brabant, Holland na lugha sanifu imepinda: *huis* na *muis*. Kama sauti hubadilika kwa mkupuo mmoja, mipaka ya maneno haya mawili ingepaswa kulala mmoja juu ya mwingine.

Haikulala hivyo. Upande wa mashariki alikuta ukanda wa vijiji ambako watu husema *huus* kwa mtindo wa magharibi, lakini panya bado ni *moes*. Maelezo ya Kloeke ni haya: nyumba hutajwa mbele ya mfanyabiashara, karani na mchungaji wa kanisa, watu wanaoleta usemi wa mjini wenye hadhi. Panya hutajwa jikoni na ghalani, miongoni mwa watu wa nyumbani. Neno la kwanza liliiga mji. La pili halikuwa na wa kumuiga. Aliamini chanzo cha hadhi hiyo ni utajiri wa miji ya Holland, hasa Amsterdam, katika karne ya 17. Wengine baadaye walipinga sehemu za maelezo hayo, hasa kuhusu irabu hiyo kuanzia Holland, lakini ukanda wenyewe upo na haukanushiki.

Nimesikia kuhusu ramani ya mishale. Ni nini?

Ni ramani iliyowauliza wasemaji badala ya kupima sauti. Mwaka 1939 ofisi ya lahaja ya Amsterdam, ambayo leo ni Meertens Instituut, ilituma dodoso lenye maswali mawili: Ni wapi karibu nanyi wanakosema sawasawa na ninyi au karibu sawa? Na ni wapi wanakosema tofauti kabisa? Kila kijiji kilichotajwa kuwa sawa kilipigiwa mshale kutoka kwa aliyekitaja. Mishale ikajikusanya mafungu mafungu, na palipobaki weupe, yaani pasipovukwa na mshale wowote, ndipo pakahesabiwa mpaka. Mbinu hii ilikuwa imejaribiwa kabla na Antonius Weijnen huko Brabant. Jo Daan aliitumia kwa ramani yake ya 1969, aliyoitoa pamoja na D. P. Blok, kisha akapaka rangi kufuatana na umbali wa kila lahaja kutoka lugha sanifu.

Ubora wake ni kwamba inamheshimu msemaji. Mwanakijiji husikia tofauti ambazo mtafiti wa mjini hazioni. Udhaifu wake ni kwamba mtu anaweza kusema "wale wanasema tofauti" kwa sababu wale ni Wakatoliki na yeye ni Mprotestanti, au kwa sababu ya ugomvi wa malisho. Tena majibu yalikuwa na umri wa miaka 30 ramani ilipotoka, na leo yana zaidi ya 80. Watu bado huinakili kana kwamba ni picha ya jana.

Kompyuta hugawanyaje lahaja?

Huhesabu hatua. Chukua 'maziwa': Kiholanzi ni *melk*, Kifrisia ni *molke*. Ili kulifikia la pili kutoka la kwanza, unabadilisha e kuwa o, kisha unaongeza e mwishoni. Hatua mbili. Hesabu hii ilibuniwa na Mrusi Vladimir Levenshtein miaka ya 1960 kwa shughuli zisizohusu lahaja hata kidogo. Wilbert Heeringa, katika tasnifu yake ya Groningen ya mwaka 2004, aliitumia kwa maneno 125 kutoka sehemu 360 za Uholanzi, Flandria na jirani zake. Kila sehemu ililinganishwa na kila nyingine, na hiyo ni jozi 64,620. Kabla yake kidogo, mwaka 2001, Cor na Geer Hoppenbrouwers walikuwa wametoa mgawanyo wao kwa kuhesabu jinsi kila sifa ya sauti inavyojirudia katika matini za lahaja mbalimbali.

Matokeo ya Heeringa yanaunga mkono mengi tuliyoyajua: Kifrisia kiko peke yake, Kilimburgi na Kisaksoni cha Chini vinajitenga, Flandria ya Magharibi iko pembeni. Ila ramani yake ninayoipenda ni ile isiyo na mistari kabisa, ambamo rangi huyeyukiana polepole kutoka mkoa hadi mkoa. Hiyo ndiyo inayofanana na unachokisikia ukiwa safarini.

Lakini kompyuta hula kile inacholishwa. Data yake ilitoka kwenye mfululizo wa atlasi ulioanzishwa na Edgard Blancquaert wa Gent miaka ya 1920 na kukamilika mwaka 1982. Watafiti walikwenda sehemu karibu 2,000 na kuwatafsirisha wenyeji sentensi zilezile 141. Ya kwanza inahusu kuku wanaomwogopa kipanga. Kazi kubwa na ya kupendeza. Hata hivyo masikio yaliyoandika sauti hizo hayakuwa ya mtu mmoja, na baadhi ya "mipaka" inayojitokeza ni mahali mtafiti mmoja alipoishia na mwingine akaanzia.

Je, lahaja zinafuata makabila ya kale: Wafranki, Wasaksoni na Wafrisia?

Hivyo ndivyo Jan te Winkel alivyozipanga zaidi ya miaka 100 iliyopita, na hivyo ndivyo vitabu vya shule vilivyorudia kwa muda mrefu. Jina 'Kisaksoni' ni mabaki ya fikra hiyo. Kuna chembe ya ukweli, kwa kuwa watu waliohamia huko waliacha alama. Ila biashara, dayosisi, miji mikubwa na barabara vimesogeza maneno huku na huko kwa zaidi ya miaka 1,000 tangu hapo, na vijiji vya *huus* na *moes* ni ushahidi tosha.

Kwa nini Kilimburgi na Kisaksoni cha Chini vimetambuliwa rasmi, na Kizelandi hakikutambuliwa?

Hili ni la kisiasa kuliko la kiisimu. Uholanzi iliridhia Mkataba wa Ulaya wa Lugha za Kimaeneo au za Walio Wachache mwaka 1996. Kifrisia kilipata ulinzi wa ngazi ya juu, Kisaksoni cha Chini ngazi ya chini, na Kilimburgi kikaongezwa mwaka 1997 katika ngazi hiyohiyo. Baadaye serikali ilitia saini makubaliano ya kuviendeleza: ya Kisaksoni mwaka 2018, ya Kilimburgi mwaka 2019. Wazelandi waliomba pia, wakakataliwa.

Tatizo liko ndani ya mkataba wenyewe. Unasema wazi kwamba haulindi lahaja za lugha rasmi. Kwa hiyo ili lahaja ilindwe, sharti kwanza itangazwe kwamba si lahaja. Ukipima sauti, Kiflandria cha Magharibi na Kizelandi viko mbali na usanifu pia, na bado viko nje ya mlango. Ubelgiji haijaridhia mkataba huo, kwa hiyo Kilimburgi cha Maastricht kina hadhi ya lugha ya kimaeneo, na cha Hasselt, mwendo mfupi kwa gari, hakina hadhi hiyo kwa mkataba huo. Kwangu mimi huu ni udhalimu kwa wasemaji, na hauna msingi wowote katika lugha yenyewe.

Ni kweli Kilimburgi kina toni?

Ni kweli, na msomaji anayesema lugha ya Kibantu yenye toni atalifurahia hili kuliko Mholanzi. Karibu Limburg yote hutofautisha mkokoto na mshuko ndani ya silabi yenye mkazo. *Bein* ikitamkwa kwa sauti inayokokotwa ni mguu mmoja. Sauti ikishushwa ghafla, ni miguu. Hakuna kiambishi, hakuna irabu iliyobadilika. Umoja na wingi vimebebwa na toni peke yake. Carlos Gussenhoven wa Nijmegen ameichambua toni ya Roermond kwa kina. Eneo la toni hizi linaendelea ndani ya Ujerumani hadi Köln na kwingineko, na mipaka yake hailingani na ya *ik* na *ich*. Mwenye kutumia toni kama kigezo atapata Limburg tofauti kidogo na ya anayetumia konsonanti.

Mpaka wa Uholanzi na Ujerumani je, ni mpaka wa lahaja?

Kihistoria, la. Nenda Kerkrade, kusini kabisa mwa Limburg ya Uholanzi. Kuna barabara ambayo upande mmoja inaitwa Nieuwstraat na iko Uholanzi, upande wa pili inaitwa Neustraße na iko Herzogenrath, Ujerumani. Wazee wa pande zote mbili walikua na lahaja moja, ya kundi la Köln na Aachen, iliyo ng'ambo ya mstari wa Benrath. Tofauti yao ni lugha ya shule: huku mtoto alifundishwa Kiholanzi, kule Kijerumani. Kwa vizazi kadhaa shule, magazeti na televisheni vimezivuta lahaja hizo kila moja upande wake, hata sasa mpaka wa nchi umeanza kuwa mpaka wa usemi kwa vijana. Ndivyo ilivyo pia kwa Kisaksoni cha Twente na cha majirani zake Wajerumani.

Nimemaliza kozi ya Kiholanzi na nimehamia Kortrijk. Mbona sielewi kitu?

Huelewi kwa sababu hukufundishwa wanachosema. Usijilaumu, televisheni ya Flandria yenyewe huweka maandishi chini ya picha msemaji wa Flandria ya Magharibi anapohojiwa, ili Waflandria wenzake waelewe.

Zoea mambo machache, mengi yatafunguka. H imedondoka na g imekuwa h. Mwisho *-en* wa vitenzi humezwa irabu ikabaki n tupu. Tena 'ndiyo' hunyambulika kwa nafsi: ukiulizwa kama umekula unajibu *joak*, 'ndiyo mimi', swali likihusu kitu, unajibu *joat*. Hata kiunganishi 'kwamba' hubadilika kufuata mtenda: katika nafsi ya tatu ni *da* kwa umoja, *dan* kwa wingi. Msemaji wa Kiswahili amezoea upatanisho kupenya sentensi nzima, kwa hiyo hili halitakusumbua kama linavyomsumbua mtu wa Amsterdam.

Na chunga msamiati wa sokoni. *Patat* kwa Mflandria ni kiazi. Kwa mtu wa kaskazini mwa Uholanzi ni chipsi. Kusini mwa Uholanzi na Flandria chipsi ni *friet*, na watu wanabishana juu ya neno hilo kwa ari ambayo sijaiona katika siasa.

Kiafrikana kimetoka lahaja ipi?

Hasa usemi wa Holland wa karne ya 17, uliopelekwa Rasi ya Tumaini Jema na kampuni ya Uholanzi ya biashara ya Mashariki kuanzia 1652, kisha ukafinyangwa na watumwa, Wakhoikhoi na walowezi wa kila namna. Leo ni lugha kamili, haiwekwi kwenye orodha ya lahaja. Kizelandi nacho kilizaa krioli huko Berbice, katika Guyana ya leo, iliyochanganyika na Kiijo cha mashariki kutoka Nigeria. Wasemaji wake wamekwisha.

Je, hali hii inafanana na ya Kiswahili?

Kwa kiasi. Sisi tulikuwa na kamati: mwaka 1930 Kiunguja kilikuwa kimeshachaguliwa kuwa msingi wa usanifu, na Kimvita, Kiamu na vingine vikabaki kando. Kiholanzi sanifu hakikuanza kwa kamati. Antwerpen ilipoangukia mikononi mwa Wahispania mwaka 1585, matajiri, wachapishaji na wasomi wa kusini walimiminika kwenye miji ya Holland, na usanifu ukakua kutokana na mchanganyiko huo. Biblia iliyoagizwa na bunge la nchi na kutoka mwaka 1637 ikaupa uzito.

Mbinu za kupima nazo zinakutana. Jumba la makumbusho la Tervuren, karibu na Brussels, ambalo liko katika eneo la Kibrabanti, ndilo lililokuwa kitovu cha upangaji wa lugha za Kibantu. Mwaka 1999 Bastin, Coupez na Mann walitoa matokeo ya kulinganisha lugha na lahaja 542 za Kibantu kwa msamiati wa msingi. Nao walikutana na tatizo lilelile: matawi huonekana wazi kwa mbali, ukikaribia yanaingiliana.

Lahaja hizi zinakufa?

Nyingi zinapungua, kwa mwendo usio sawa. Holland na Utrecht lahaja za kale zimebaki kwa wachache. Limburg zina nguvu: watoto wanazisikia nyumbani, nyimbo za kanivali huandikwa kwa lahaja, na ujumbe wa simu hali kadhalika. Flandria, katikati ya lahaja na usanifu, umekua usemi wa kati unaoitwa *tussentaal*, wenye rangi ya Kibrabanti hata kwa watu wasiotoka Brabant.

Wakati huohuo nyingine zinazaliwa. Genk, mji wa Limburg ya Ubelgiji, kwenye mitaa iliyojengwa kwa ajili ya wachimbaji wa makaa ya mawe, watoto wa wahamiaji kutoka Italia, Uturuki na kwingineko walikuza usemi unaoitwa *citétaal*. Huu hauko kwenye ramani ya 1969 wala kwenye atlasi, kwa sababu waliotafutwa kuhojiwa walikuwa wenyeji wa asili waliokaa kijiji kimoja maisha yao yote. Kwa kupima usemi wa kale kigezo hicho kinafaa. Kwa kueleza jinsi watu wa Genk wanavyosema leo hakifai, na mgawanyo utakaofuata lazima uwahesabu.

Nisikilize wapi?

Meertens Instituut ina ramani ya sauti mtandaoni yenye rekodi za Uholanzi mkoa kwa mkoa. Chuo Kikuu cha Gent kina Dialectloket, na humo mna rekodi za miaka ya 1960 na 1970 za wazee wa Flandria wakieleza kilimo, vita na kazi za mikono. Wengine walizaliwa karne ya 19. Anza na miji mitatu iliyo mbali mbali, mathalani Ieper, Hasselt na Emmen, kisha ziba mapengo kwa vijiji vya katikati. Usiangalie ramani yoyote mpaka uwe umesikiliza.